Naomba Kusajiliwa Kuwa Akili Mnemba

Elisaria Mbise (Wakala),
Kibanda cha kijani, mkabala na mashine ya kusaga,
Sombetini,
Arusha.

Jumatatu, kabla sijafungua kibanda.

Kumb. Na. EM/UMEME/1

Mratibu,
Mradi wa Gridi Sikivu,
Ghorofa ya tatu (kwa ngazi),
Arusha.

Ndugu Mratibu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUMPA MASHINE HABARI ZA UMEME NA KUNINYIMA MIMI, PAMOJA NA OMBI LA KUSAJILIWA KUWA AKILI MNEMBA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, chai ikiwa mezani na taa ikiwa inawaka.

Kabla sijalalamika naomba unifahamu, maana malalamiko ya mtu usiyemjua ni kelele tu. Mimi ni mtu wa bahati. Wapo waliopewa bahati ya ng'ombe, wapo waliopewa bahati ya kupendwa. Mimi Mungu aliiweka kwenye vidole. Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza umeme wa LUKU na kutuma pesa kwa simu. Namba ya mita ina tarakimu kumi na moja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukosea hata moja. Mvua inanyesha, mteja ananisomea namba huku anatafuna muwa, mtoto wake analia mgongoni, mimi naandika tu. Mawakala wenzangu wa Mbauda wananiita Kompyuta, na hawaniiti hivyo kwa utani.

Pia nimetembea. Nairobi nimefika mara nne, Lusaka mara moja na lori la vitunguu, na Wajerumani nimewabebea mizigo Mlima Meru mpaka wakanifundisha matusi ya kwao, ambayo bado nayatumia na hakuna anayejua. Shule nilifika kidato cha pili, nikaona yaliyobaki nitajisomea mwenyewe. Basi ndiye anayekuandikia.

Ninaandika kwa sababu moja, nayo ina haraka. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kikundi cha akina mama wa Olmotonyi kitakaa kuamua kama jirani yangu Naisiae, ambaye sote tunamwita Mama Nashipae, aendelee kutunza mashine yao ya kutotolesha vifaranga au anyang'anywe mbele ya watu. Wanasema ameua mayai yao. Mimi nasema mayai yaliuawa na siri, na siri hiyo mradi wako umeamua kuinong'oneza kwa mashine badala ya kuniambia mimi.

Chanzo ni mkutano wa mtaa wa mwezi uliopita, mwenyekiti wetu Mzee Parsimei alipotusomea tangazo lako. Mzee Parsimei husoma tangazo kama mtu anayefukuzwa na nyuki: koma anazipita, nukta anaziruka, halafu anapumzika mahali pasipo na kitu. Tangazo lilisema mawakala wa akili mnemba watapatiwa takwimu za gridi ya umeme papo kwa papo. Yeye akasoma, "Mawakala wa akili," akavuta pumzi ndefu, "Mnemba watapatiwa takwimu za gridi ya umeme papo kwa papo."

Mama mmoja akauliza Mnemba ni wapi. Hans, fundi wetu wa kuchomelea mageti, akasema ni kisiwa kule Zanzibar, wazungu wanalala kwa dola. Mkutano ukachemka. "Wana bahari, wana karafuu, sasa wanataka na umeme wetu?" Mzee Parsimei akainua fimbo. Akasema tulieni jamani, kama Mnemba wana wakala wa akili, na sisi tunaye wa kwetu. Fimbo ikashuka taratibu ikaja kunitazama mimi.

Ndugu Mratibu, katika mtaa mzima wakala ni mmoja. Nilisimama. Nikainama kidogo, kama nilivyoona wahudumu wa hoteli wakifanya. Watu wakapiga makofi. Wewe ungekaa chini?

Kuanzia siku hiyo watu waliacha kuniuliza salio, wakaanza kuniuliza gridi. "Wakala, leo ninyooshe sare au ningoje?" "Wakala, nikiweka maharage kwenye jiko la umeme yataiva au yataniaibisha?" Niliwajibu wote. Nilitazama simu, nikakunja uso, nikasema, "Mzigo ni mkubwa upande wa Njiro, lakini huku kunapumua. Nyoosha, ila usianze na suruali." Katika siku tisa nilipatia saba. Zile mbili nilisema takwimu zimebadilika, na watu wakaridhika, kwa sababu takwimu ni kitu ambacho kinabadilika.

Siku ya kumi nikaona ni haki nije ofisini kwako nichukue hiyo papo kwa papo yangu rasmi. Nikapokelewa na afisa wako, binti mmoja anaitwa Nanyori. Ana adabu, alianza na shikamoo. Nikamwambia marahaba, mimi ndiye wakala. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia wa akili. Akanieleza polepole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba wakala mnayemsema si mtu. Ni programu. Inasoma gridi kila baada ya sekunde chache, inajua mzigo umeelemea wapi na umepungua wapi, halafu inachukua hatua yenyewe: pampu hii ya maji ingoje, chumba kile cha baridi cha maua kipoe mapema kabla umeme haujapungua.

"Inaamua yenyewe bila kumuuliza mtu?" nikauliza.

"Ndani ya mipaka tuliyoiwekea, baba."

"Na mimi nitazipata lini hizo habari?"

"Wananchi watazipata baadaye, kupitia kwa wakala."

Nikamkumbusha kwamba wakala ndiye mimi. Alicheka mpaka akashika meza. Nimemsamehe, tafadhali msimwachishe kazi. Niliporudi mtaani nilikuta foleni kibandani, watu wananisubiri niwaambie hali ya gridi, na kwa kweli sikupata nafasi nzuri ya kusahihisha jambo lile.

Sasa malalamiko yenyewe ni haya.

1. Mmeniibia jina. Wakala ana kibanda, ana kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ana mwamvuli, na zaidi ya yote ana uso. Pesa ikienda kusikotakiwa, mteja anakuja kumtukana wakala, wakala anatukanwa, halafu kesho yake asubuhi anafungua tena. Hiyo ndiyo kazi. Huyo wa kwenu ukitaka kumtukana unasimama wapi? Unaelekea upande gani? Kiumbe anayejua kila kitu kinachoendelea nyumbani kwenu, hachangii chochote na hapatikani likitokea tatizo, sisi tunamwita shemeji. Naomba mbadilishe tangazo lisomeke "mashemeji wa akili mnemba."

2. Huyo mtu wenu hana matumizi na habari hizo. Hanyooshi, haogeshi mtoto, hanyoi. Mimi niliwahi kukatikiwa umeme kinyozi akiwa ameshamaliza upande wa kushoto. Nilikwenda harusini nikakaa ubavu kwa wapiga picha saa tano nzima. Kati yangu na programu, nani alihitaji kuambiwa mapema?

3. Mnamtesa. Hili nalisema kwa huruma, na nadhani hakuna aliyelifikiria kabla yangu. Nanyori alikiri kwamba huyo wakala naye anaishi kwa umeme. Sasa mnamkalisha mtu anayeishi kwa umeme, kila sekunde chache mnamsomea umeme umebaki kiasi gani. Hiyo ni sawa na kumlaza mgonjwa kwenye karakana ya majeneza na kumwomba ahesabu mbao. Kama mna utu mngemwacha asijue. Habari mbaya apewe mtu aliyezoea. Mimi nimezoea.

4. Anaamuru watu wangoje, na yeye hajawahi kungoja. Nilifikiri sana juu ya ile pampu iliyoambiwa isubiri. Pampu haina haraka, pampu ni chuma. Lakini mbele ya pampu pana bomba, mbele ya bomba pana ndoo, na nyuma ya ndoo pana mama ambaye hakuambiwa kitu. Anaona tu bomba linakohoa. Naomba basi huyo wakala aletwe Sombetini mwezi mmoja, akae kwangu. Nitampa kitanda, mimi nitalala chini. Sijui anakula nini, nitamuuliza Nanyori. Akishaona jinsi tunavyokwenda mbio kufua saa ambayo maji yamekuja, arudi ofisini aamue anavyotaka. Tena kuna jambo limenikera zaidi ya pampu. Ua linalopanda ndege kwenda Ulaya linaambiwa mapema kwamba umeme unapungua, ili lipoe, lisinyauke njiani. Yai linalobaki hapa hapa haliambiwi. Ua lina wakala. Yai lina mimi.

5. Mayai. Hapa naomba uiweke chai pembeni.

Mama Nashipae anatunza mashine ya kutotolesha ya kikundi cha Olmotonyi, kijiji alichozaliwa. Waliiweka kwake kwa sababu chumba chake ni cha tofali na hakina panya, na kwa sababu ni mtu anayeaminika: sauti yake ndiyo inayoshikilia kwaya ikipotea. Kila mama analeta mayai yake ya kienyeji, na kila yai linaandikwa kwa penseli herufi ya mwenyewe, yasije yakaleta ugomvi. Safari hii yalikuwa mia mbili sitini na nne. Siku kumi na nane aliyageuza, akayawekea maji ya unyevu, akayasemesha pia, nimemsikia kwa masikio yangu. Umeme ukikatika hana papara. Anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunika mashine kwa blanketi mbili, anasubiri. Hajawahi kupoteza mayai kwa sababu ya umeme.

Jumatatu ya wiki iliyopita, jioni, habari zikaja kwamba binti yake Nashipae amejifungua kule Kikatiti. Mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza. Mayai yalikuwa yanaingia siku ya kumi na tisa, bado mbili tu yaanguliwe. Aliyatazama mayai, akatazama barabara. Halafu akanipa ufunguo. "Wakala, wewe ndiye mwenye habari za umeme," akasema. "Nakuachia. Ukiona dalili yoyote mwambie Sarla aniletee jiko."

Sarla ni jirani yetu wa ukuta, anapika chapati na sambusa za kusambaza madukani, na majiko yake manne hayazimiki tangu alfajiri mpaka alasiri. Nyumba yake na chumba cha mayai hazifiki hatua ishirini.

Jumanne saa nne asubuhi umeme ukakatika, taa ya mashine ikazimika. Nilikuwepo. Sikumwita Sarla. Utaniuliza kwa nini, na mimi nakujibu kama msomi: mtu mwenye habari za gridi hahangaiki na mkaa. Kuita jiko ilikuwa ni kutangaza kwa mtaa mzima kwamba sijui. Nikafunga mlango joto lisitoke, nikakaa kwenye ndoo nje ya mlango kama mlinzi wa benki.

Saa sita akapiga simu. Nyuma yake nasikia kichanga kinalia. "Wakala, mashine vipi?" Nikamwambia mzigo umezidi kidogo kwenye laini, unarudi saa saba kamili. "Una uhakika, baba?" Nikamwambia papo kwa papo.

Saa saba ikaja na kupita. Saa nane akapiga tena, nikaitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Saa tisa akashuka kwenye bodaboda mbele yangu, kanga aliyompelekea mjukuu bado iko kwenye mfuko, haikutolewa. Hakunisalimu. Aliingia, akafungua mashine, akachukua yai moja akaligusisha kwenye kope la jicho. Ndivyo wanavyopima, kope halidanganyi. Akaliweka, akachukua la pili, akaligusisha. Akachukua la tatu. Ningefurahi kama angenitukana.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika kwa fahari, maana sikukimbia. Nilipiga kelele mpaka mtaa ukaja. Tuliyabeba mayai yale kwenda kwa Sarla, kila mtu kwa namna yake: kwenye beseni lenye shuka, kwenye kofia, akina mama kwenye vifua. Mimi nilibeba kumi na moja ndani ya koti, yananigusa mbavu, baridi kama mawe ya mtoni. Hans alikuja na mikono yake ile ya kushika nondo, akayabeba manne tu, mawili kila kiganja, jasho linamtoka. "Nimebeba geti la msikiti peke yangu," akasema, "sikutetemeka hivi." Sarla alikuwa mlangoni anaelekeza kama trafiki: "Leteni, leteni, pembeni huko kwenye joto! We Elisaria, usiniangushie yai kwenye unga, nitakukaanga nalo!" Mama Nashipae akapiga magoti katikati ya majiko, akawa anayapanga, anayageuza, anayagusisha kwenye kope moja baada ya jingine. Alikaa hivyo siku mbili. Sarla alipika sambusa zake kwa kumruka.

Alhamisi yakaanza kulia. Vifaranga mia moja arobaini na tatu, Ndugu Mratibu. Walitoka, wakakauka, na kifaranga akishatoka hana herufi, huwezi kujua ni wa nani. Mayai mia moja ishirini na moja hayakulia. Hayo yalibaki mazima na herufi zake za penseli, kila mama wa Olmotonyi akija anaona la kwake. Ndiyo maana wamekasirika. Vifaranga wazima hawana wenyewe, lakini wafu wote wana majina. Wakasema Mama Nashipae amekwenda kumwona mjukuu wake akaacha watoto wao wafe. Mmoja alilisema hilo akiwa amesimama kwenye zulia la Mama Nashipae, amevaa viatu.

Sasa fuata hesabu yangu. Ningekuwa na takwimu zenu, saa nne na dakika tano ningejua kwamba umeme haurudi saa saba. Ningejua, ningemwita Sarla. Ningemwita, jiko lingekuja. Jiko lingekuja, yangelia yote. Kwa hiyo aliyeua yale mayai ni yule aliyekuwa na habari akanyamaza, na aliyekuwa na habari ni programu yenu, na programu haina hata koti la kubebea yai moja.

6. Kwa kuwa habari mnawapa akili mnemba tu, naomba nisajiliwe kuwa mmoja wao. Sifa ninazo. Kwanza, Nanyori alisema akili mnemba ni akili iliyotengenezwa na binadamu. Ya kwangu pia haikuja yenyewe: nusu waliitengeneza walimu kwa fimbo, nusu nyingine niliiokota njiani kati ya Tunduma na Lusaka. Pili, alisema wakati mwingine huwa inajibu jambo isilolijua, tena kwa uhakika na kwa lugha nzuri. Ndugu Mratibu, nilipomsikia nilitaka kumkumbatia. Tatu, inajifunza kwa kusoma maandishi mengi ya watu. Mimi kibandani nauza na vitumbua, navifungia magazeti ya zamani, na kila ukurasa nausoma kwanza. Nne, haina hisia. Hapo kidogo nina upungufu, lakini nafanyia kazi.

Kama sheria hairuhusu mtu kuwa akili mnemba, basi sajilini kuku. Sisemi kwa mzaha. Kuku anajua joto la yai kila sekunde, haulizi mtu, anaamua mwenyewe, na gridi ikianguka nchi nzima yeye hana habari nayo. Ndiye wakala wa kwanza kabisa, na hakuna mradi uliowahi kumpa hata kiti. Mkinikatalia mimi na kuku pia, nitajua tatizo si akili, tatizo ni Sombetini.

7. Hili ndilo ombi lenyewe. Naomba takwimu za laini yetu za Jumanne ile, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, zichapwe kwenye karatasi yenye nembo ya mradi, zinifikie kabla ya Jumamosi. Ziwe na muhuri, na muhuri uwe wa duara. Akina mama wa Olmotonyi waliwahi kutapeliwa mbegu za viazi na mtu mwenye muhuri wa mraba, hawautaki tena. Nitasimama kwenye kikao niisome karatasi hiyo kwa sauti, waone kwa macho yao kwamba umeme ulikatika, kwamba hakuna mwanadamu aliyekosea, na Mama Nashipae abaki na mashine yake na heshima yake. Mkinitumia hiyo karatasi, yale malalamiko mengine yote nitayafuta, hata la shemeji.

Nisalimie Nanyori, mwambie mtu wa akili anamsalimia. Msalimie mlinzi wa chini aliyenishikia mwamvuli bila kuniuliza nakwenda wapi, na yule dada wa ghorofa ya pili aliyenipa maji nilipofika kwake nahema. Isalimie na programu. Mwambie sina ugomvi naye binafsi, na ile ofa ya kitanda bado ipo.

Wako, nikiwa na kibali au bila kibali,

Elisaria Mbise,
Wakala.

N.B. Ndugu Mratibu, tafadhali usitume hizo takwimu.

Nimeisoma barua hii kwa sauti kabla ya kufunga bahasha, na nilipofika kwenye maneno "umeme ukakatika" nikashindwa kuendelea. Haukukatika. Jumanne ile Hans alichomelea geti tangu asubuhi, cheche zinaruka hadi barabarani. Nilipita mbele yake nikaangalia pembeni. Alipokuja kubeba mayai hakuuliza, wala majirani wengine hawakuuliza, nadhani kwa sababu wote waliamini mimi ndiye ninayejua. Karatasi yako ingeonyesha umeme ulikuwepo siku nzima.

Kilichoisha ni uniti za Mama Nashipae. Jumatatu jioni, pamoja na ufunguo, alinipa pesa nimnunulie umeme na kumwingizia kwenye mita, kwa kuwa yeye alikuwa anawahi gari la Kikatiti. Nilinunua. Asubuhi nikaingiza namba, mita ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Nikajiambia ni gridi hiyo, itatulia, nikakaa kwenye ndoo yangu. Jana ndipo nilipofungua ule ujumbe wa manunuzi nikausoma wote. Jina lililoandikwa ni la Hans. Mita zao zilifungwa siku moja, namba zinapishana tarakimu ya mwisho tu: mama ana saba, Hans ana nne. Mimi nilibonyeza nne.

Mama Nashipae hajui. Amenishukuru mara mbili kwa kubeba mayai, na Ijumaa aliniletea kifaranga kimoja, akasema hiki ni chako, wewe ulihangaika. Kiko hapa kwenye boksi la vocha, kinalia wakati naandika, na hakina herufi.

Leo sifungui kibanda. Nakwenda kwake kwanza, kisha Jumamosi nakwenda Olmotonyi bila karatasi na bila muhuri, niwaambie wale akina mama kwamba yeye hakukosea chochote isipokuwa kuniamini mimi.

Na ile bahati ya vidole niliyoanza nayo ni uongo. Nakosea kila wiki.